Nimelipia hospitali kwa kadi ya ofisi, na mkaguzi anakuja Jumatatu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma hapa Mwanza. Nimeajiriwa na shirika linalowasaidia akina mama wa mialoni kuanika dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani. Kazi yangu ni kununua mbao na nyavu za vichanja, kisha kuvizungukia vikundi vya Ukerewe, Sengerema na Muleba. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari za upande ule zimeongezeka. Januari ofisi ikaacha kutupa masurufu ya fedha taslimu, ikatupa kadi za benki zenye majina yetu, za kulipia safari na manunuzi. Nilisaini karatasi moja ya masharti. Nakala sikupewa, na kusema kweli sikuisoma yote.

Wiki tatu zilizopita, Ijumaa saa nne usiku, mama yangu aliyekuja kutusalimia kutoka Magu alianguka bafuni, presha imepanda. Mume wangu ni mvuvi, alikuwa kambini kisiwani, simu haipatikani. Tulipofika hospitali, dirishani wakataka shilingi 214,000 za vipimo na kulazwa. Kwenye simu nilikuwa na 31,000. Nikampigia dada yangu mara nne, hakupokea. Mkobani ilikuwemo kadi ya ofisi. Nikaitoa.

Mama anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nilijua mshahara ukitoka nitairudisha ile pesa kimyakimya, kumbe kwenye kadi hii mimi sina pa kuiwekea. Sasa mhasibu anataka risiti zote za mwezi, na Jumatatu ijayo mkaguzi anatoka Dar es Salaam. Mwenzangu wa ofisini alinionea huruma, akanipeleka kwenye duka moja la vifaa vya ofisi mjini. Nilitoa 10,000 nikaandikiwa risiti ya karatasi na wino wa printa, shilingi 214,000 kamili. Ninayo mkobani, sijaipeleka.

Mengine ni madogo, nayataja tu. Meneja wangu anaijua namba ya siri ya kadi yangu, na nikienda visiwani huniambia nimwachie kwa ajili ya mafuta ya gari. Mwezi uliopita aliniagiza nilipie mbao za shilingi 5,400,000 kwa mafungu matatu siku hiyohiyo, kwa sababu kadi haipitishi zaidi ya 2,000,000 kwa mara moja. Nilisaini mimi. Halafu kuna hoteli ya Bukoba inaonekana imenikata mara mbili. Hayo nitayaeleza. Linaloninyima usingizi ni la hospitali. Je, niipeleke ile risiti yaishe? Nikisema ukweli si watanifukuza?

Mwenye Hofu, Igoma

---

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Usiku wa namna hiyo, mzazi yuko kwenye benchi anahema na dirishani wanataka hela, hakuna mtoto aliyelelewa akalelewa atakayekaa ahesabu masharti ya kadi. Sitakulaumu kwa kuitoa. Nitakulaumu kwa wiki tatu ulizokaa kimya baada ya pale, na nitakukataza kwa nguvu zangu zote kuipeleka hiyo risiti.

Niseme kwanza kwa nini haitakusaidia hata kidogo, ukiacha kwamba ni uongo. Wewe unafikiri bado uko kwenye masurufu ya taslimu, ambapo ofisi ilikuwa haijui pesa ilikwenda wapi mpaka risiti iseme. Kwenye kadi ni kinyume chake. Risiti haijafika, benki imeshasema. Taarifa ya kadi anayopokea mhasibu wako inaonyesha tarehe, kiasi, jina la aliyelipwa na mara nyingi mji wake. Juu ya hapo kila mwenye mashine ya kadi amepewa namba ya tarakimu nne inayoeleza aina ya biashara yake: hospitali ina yake, duka la karatasi lina yake, kituo cha mafuta kina yake. Kwa hiyo kwenye meza ya mkaguzi patakuwa na karatasi mbili. Moja ya benki inasema hospitali, Ijumaa, 214,000. Nyingine yako inasema wino wa printa. Anayeziona pamoja hahitaji kuwa mpelelezi.

Itoe hiyo risiti mkobani uitazame. Kama imetoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, imebeba tarehe na saa ya siku uliyoinunua, si ya ile Ijumaa, na ina msimbo ambao mtu yeyote anaweza kuuhakiki kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, kwa simu yake. Kama imeandikwa kwa mkono kwenye kitabu, swali la kwanza litakuwa kwa nini duka la mjini kati limeuza mzigo wa laki mbili bila risiti ya mashine.

Nimekaa kwenye uhasibu miaka 26 kabla ya kustaafu, tena miaka ile ya sanduku la chuma na daftari la masurufu. Tulikuwa na dereva, kijana mpole, mchapakazi. Alileta risiti tatu za gereji: ya tarehe 3, ya tarehe 11 na ya tarehe 24. Namba zake zilikuwa 417, 418 na 419. Gereji ya kando ya barabara kuu, iwe haikuhudumia mteja mwingine kwa wiki tatu? Mkaguzi alizipanga mezani kama karata, hakusema neno, akamsogezea kijana. Ile pesa yenyewe ilikuwa ndogo, na ofisi ingemsamehe deni. Alichofukuziwa ni zile karatasi. Mpaka leo nikipita Mabatini nikaona gereji, namkumbuka alivyokuwa anazitazama zile namba.

Wewe hapo ulipo bado una kosa la kutumia kadi ya mwajiri kwa jambo lako. Ukiipeleka hiyo karatasi unaongeza kosa la pili lililo zito kuliko la kwanza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaliita kosa la jinai mtumishi kumpa mwajiri wake risiti au hesabu anayojua ina uongo ili kumpotosha. Hapo tumeshatoka kwenye mambo ya ofisi. Na huyo mwenzako aliyekuonea huruma atavutwa naye, pamoja na mwenye duka. Ichane, mwanangu. Elfu kumi imekwenda, iache iende.

Sasa ya kufanya, na uyafanye leo, usingoje Ijumaa.

Tafuta risiti halisi ya hospitali. Kama imepotea, rudi dirishani waombe nakala, wana kumbukumbu. Kisha kaa uandike kwa mhasibu, nakala kwa mkurugenzi. Usiandike hadithi ndefu. Andika hivi:

“Tarehe fulani, saa nne usiku, nilitumia kadi ya ofisi kulipa shilingi 214,000 hospitali kwa matibabu ya dharura ya mama yangu. Malipo haya ni yangu binafsi, hayahusiani na kazi. Nilikosea kuitumia kadi, na nilikosea kutotoa taarifa Jumatatu iliyofuata. Naambatanisha risiti ya hospitali. Naomba kuelekezwa akaunti ya kurejeshea fedha hizi, ambazo nitaziweka tarehe fulani.”

Basi. Weka sahihi, piga nakala, omba mhasibu agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ukitumia baruapepe, ihifadhi.

Pesa ipatikane kabla ya Jumatatu kama inawezekana. Nina hakika uko kwenye kikoba, maana akina mama wa Igoma nawajua. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba, na ugonjwa wa mama ndio huo. Kaazime huko, au kwa huyo dada ambaye hakupokea simu. Weka benki kwenye akaunti ya ofisi, ubaki na stakabadhi. Usimpe mtu taslimu mkononi, hata mhasibu mwenyewe, hata akikuambia atakuwekea.

Ikishindikana, omba wakukate kwenye mshahara. Hapo ujue haki yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukukata deni bila wewe kukubali kwa maandishi, na makato ya kufidia hasara hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara wako wa fedha. Tuseme unalipwa 900,000, robo yake ni 225,000. Deni lako linaingia humo hata kwa mwezi mmoja, lakini ukiomba miezi miwili, 107,000 kila mwezi, watoto nao watakula.

Usije ukafikiri kwamba ukisharudisha, jambo limefutika. Mwaka 1995 kule Sweden, naibu waziri mkuu Mona Sahlin, aliyekuwa anatazamiwa kukiongoza chama chake na nchi, alikutwa ametumia kadi ya serikali kwa manunuzi yake binafsi, yakiwemo nguo na chokoleti. Alijitetea kwamba aliichukulia kama advansi ya mshahara, na fedha alizirudisha. Mwendesha mashtaka hakumfungulia kesi. Hata hivyo alilazimika kujitoa kwenye kinyang’anyiro cha uongozi, na ilimchukua zaidi ya miaka 10 kufika kwenye kiti kile cha chama. Nimekutajia huyu mama kwa sababu mawazo yake yalikuwa kama yako: pesa ni yangu ya kesho, naichukua leo, nitairudisha. Kadi ya ofisi haina mlango huo. Mlango wa advansi upo, lakini unaanza kwa kuomba, na wewe Jumatatu ile asubuhi ungeomba naamini wangekupa.

Umeniuliza kama watakufukuza. Siwezi kukuahidi kwamba hawatafanya hivyo, maana sijaiona ile karatasi uliyoisaini. Iombe leo hiihii, ni haki yako kujua ulichokubali. Ninachokijua ni kwamba kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri akuite kwenye kikao cha nidhamu kabla ya kukuachisha, akupe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na ana wajibu wa kukuacha uingie na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiachishwa na ukaona umeonewa, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zikipita, utaanza kuomba huruma ya kuongezewa muda, na huruma hiyo si ya uhakika. Lakini nimekaa kwenye vikao vile, na nakuambia mtu aliyekuja mwenyewe na risiti ya hospitali na stakabadhi ya benki hazungumzwi kama mtu aliyefumaniwa.

Sasa nije kwenye hayo uliyoyaita madogo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila nikifika pale moyo unaenda mbio. Hospitali ni kosa la usiku mmoja, lina mwanzo na mwisho, lina risiti. Hili la meneja halina mwisho.

Kadi ile imeandikwa jina lako. Kila inapopita kwenye mashine na namba ya siri ikabonyezwa, benki na ofisi wanahesabu kwamba ni wewe. Fikiria hivi. Tarehe 9 umepanda meli ya Nansio, kule Ukerewe, asubuhi. Safari ya saa tatu na zaidi, maji pande zote, na tiketi umeibandika kwenye ripoti yako ya safari kama unavyotakiwa. Tarehe hiyohiyo saa tano, kadi yako imejaza mafuta Mkolani, hapa Mwanza. Mkaguzi ataziweka hizo karatasi mbili pamoja, kama yule wangu alivyopanga risiti za gereji, na atakuuliza: uliogelea ukarudi kujaza mafuta? Utajibu nini? Ukisema kadi alikuwa nayo meneja, umekiri ulimpa mtu namba ya siri. Ukinyamaza, mafuta ni yako. Na kama kwenye hayo mafuta kuna lita zilizoingia gari la nyumbani, nazo ni zako.

Basi zile tiketi za meli zifanye kinga yako kabla hazijawa shtaka lako. Chukua taarifa ya kadi tangu Januari, ipitie mstari kwa mstari ukiwa na tiketi zako pembeni. Kila malipo yaliyofanyika Mwanza wakati wewe uko Ukerewe au Muleba, yaandike pembeni: tarehe, kiasi, mahali, na maneno “kadi ilikuwa kwa meneja kwa maelekezo yake”. Usimtuhumu wizi, hujui kama ameiba. Andika unachokijua tu. Karatasi hiyo iende kwa mkurugenzi pamoja na ile ya hospitali. Ukipeleka moja ukaacha nyingine, mkaguzi akaigundua, uaminifu wote ulioupata kwa ile ya kwanza utamwagika.

Na badilisha namba ya siri leo.

Najua kumkatalia bosi si kazi nyepesi, hasa anapokuwa mtu mzima anayekuita “mwanangu”. Huna haja ya kumvunjia heshima. Mwambie: “Baba, nimeambiwa kadi isitoke mikononi mwangu, na nimesaini. Nikisafiri mafuta yatahitajika, naomba uwaombe uhasibu wakutolee kadi yako au kadi ya gari.” Akisema huniamini, mjibu kwamba ni jina lako liko pale, si imani. Kisha mtumie ujumbe mfupi wenye maneno hayohayo ili ibaki kumbukumbu.

Za mbao ni nzito vilevile. Kikomo cha milioni mbili hakikuwekwa na benki ili kukusumbua. Ofisi imekiweka ili mzigo mkubwa upite njia nyingine: bei za wauzaji zaidi ya mmoja, kibali cha mkubwa, hati ya ununuzi. Milioni tano na laki nne zikilipwa 1,800,000 mara tatu, duka lilelile, siku ileile, yeyote anayesoma taarifa anaona kwamba mtu alikuwa anakwepa bei za ushindani. Wakaguzi hulitafuta hilo makusudi, ni mtego wao wa kwanza. Huenda mbao zilikuwa nzuri na bei ya haki. Huenda pia duka ni la shemeji yake. Wewe hujui, na sahihi ni yako. Tafuta kama kuna ujumbe wowote wa meneja akikuagiza, hata wa WhatsApp, uhifadhi. Orodhesha malipo yale matatu, sema yalikuwa ununuzi mmoja, sema nani aliagiza. Kama mbao zilifika, ambatanisha hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na vikundi.

La Bukoba usihangaike nalo. Hoteli nyingi ukifika huiomba benki itenge kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, ukiondoka wanakata bili halisi. Ule mkato wa kwanza ni pesa iliyozuiwa tu, hujiachia yenyewe baada ya siku kadhaa. Linganisha na bili. Ikiwa wiki zimepita na yote mawili yameshakatwa kabisa, mpe mhasibu bili yako aifungulie malalamiko benki mapema, kwa kuwa malalamiko ya kadi yana ukomo wa muda.

Hujaniuliza kuhusu mafundi wa visiwani wasio na mashine ya kadi wala ya EFD, lakini najua wapo, na ndiko watu wengi wanakoharibikiwa kwa kutafuta risiti za kubandika. Waombe uhasibu wakupe masurufu madogo ya taslimu kwa safari za visiwani, na fundi asaini hati ya malipo yenye jina lake, namba ya simu na kazi aliyoifanya, ukipiga na picha ya kichanja chenyewe. Mkaguzi mwenye akili ataikubali hiyo kuliko risiti maridadi ya duka la mjini. Na ukiwa umechukua posho ya kujikimu, chakula chako cha jioni usikilipie tena kwa kadi. Kama umeshafanya hivyo hata mara moja, kiweke kwenye ile orodha.

Andika barua usiku huu watoto wakilala. Kesho asubuhi uwe kwa mhasibu kabla meneja hajafika. Na safari ijayo ya Ukerewe, panda meli ukiwa na kadi yako mkobani na namba ya siri asiyoijua mwingine yeyote. Msalimie mama, mwambie apunguze chumvi.